Biti imsubiri mwimbaji

Harusi ikiisha hapa Adumi, wazee wakibaki kwenye viti vya plastiki, mazungumzo huwa ni ya muziki. Vijana waliimba, au waliweka flashi? Kuweka flashi ni kuchomeka wimbo mzima kwenye miksa, sauti za waimbaji zikiwamo ndani, kisha mtu anashika maiki na kufungua mdomo. Wazee wanalichukia jambo hilo, nami niko upande wao. Tunapoachana ni kwenye dawa. Wao wanasema kompyuta iondoke jukwaani. Mimi nasema ibaki, ila ifunzwe adabu. Biti imsubiri mwimbaji.

Nasema hivyo kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Naendesha kompyuta ya bendi ndogo ya hapa Adumi, kaskazini-magharibi mwa Arua, huku West Nile nchini Uganda, ambako mpaka wa Kongo uko karibu na mtu wa biashara hujiendea soko la Ariwara ng'ambo bila kuiita safari. Tunapiga kwenye harusi, ibada na sherehe za kumaliza matanga, Arua mjini na pia Koboko. Tuna waimbaji, mpiga ngoma mmoja, gita moja, na mjomba wangu anayepiga adungu, kile kinubi cha mti uliochimbwa na kuwambwa ngozi ya ng'ombe, chenye shingo iliyopinda na kamba zilizofungwa toka shingoni hadi kwenye ngozi. Besi, gita la pili, kinanda na waitikiaji wa ziada hatuna. Kuwaajiri na kuwasafirisha kungemaliza malipo yote kabla hatujafika Koboko. Vinavyopungua vinatoka kwenye kompyuta, na sioni aibu yoyote hapo.

Msomaji wa Unguja au Dar es Salaam ameyaona haya kitambo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, taarab ya kisasa ilipoanza kutamba na vikundi kama East African Melody, kinanda cha umeme kilishika nafasi ya safu nzima ya fidla na kanuni. Waliozoea okestra, mathalani ile ya Culture Musical Club iliyoanzishwa 1958, walinung'unika. Lakini kinanda kile kilikuwa na mkono wa mtu juu yake. Mama akiinuka kwenda kutuza, mwimbaji akaurudia ubeti ili mama amalize maringo yake, mpiga kinanda alirudi naye. Hapo ndipo penye tofauti na flashi. Flashi haimwoni mama aliyeinuka.

Kwetu maumivu hayo huja kwenye sebene. Muziki wa Kongo umetukaa mwilini tangu enzi za babu zetu kusikiliza gita za Kinshasa redioni, na wimbo wa sherehe usio na sebene hapa hauhesabiwi kuwa wimbo. Mwimbaji anamaliza maneno, gita linabaki likizunguka juu ya mistari michache, watu wanaingia uwanjani. Studio inakata sebene hiyo mahali fulani kwa sababu wimbo wa redio lazima uishe. Uwanjani hakuna anayejua itachukua muda gani. Ukoo wa bwana harusi unaingia kwa mstari, shangazi wamejifunga vitenge vya sare, mstari unapinda kuzunguka meza ya keki, nusu yake bado iko nje ya hema, halafu spika zinanyamaza. Nimeuona uso wa mama wa bwana harusi akiwa ameinua mikono na muziki umemwishia. Anayeliona hilo mara moja hataki kuliona tena.

Tatizo basi ni biti iliyoletwa jukwaani nzima nzima, haijakatwa. Na kukata biti ya jukwaani vizuri kunahitaji programu mbili, kila moja kwa kazi yake.

Ninazotumia mimi ni Reaper na Ableton Live. Reaper ilitoka 2006, nayo ni kazi ya Justin Frankel, mtu yuleyule aliyetengeneza Winamp ambayo wengi wetu tuliisikilizia nyimbo za mp3 kwenye kompyuta za kwanza tulizozigusa. Ableton Live ilitoka Berlin mwaka 2001, na miongoni mwa walioianzisha, Gerhard Behles na Robert Henke walikuwa wanamuziki waliotaka kupiga muziki wa kompyuta mbele ya watu. Tofauti hiyo ya asili inaonekana hadi leo. Reaper inaulaza wimbo kutoka kushoto kwenda kulia, mwanzo hadi mwisho, nawe unaukata popote. Live, katika ukurasa wake wa jukwaani, inaugeuza wimbo kuwa visanduku: utangulizi, ubeti, kiitikio, sebene. Kisanduku hakichezi mpaka ukiite, na ukikiambia kijirudie kitajirudia hadi utakapoita kingine.

Wengine wakisikia programu mbili hudhani lazima zifunguliwe pamoja na kuunganishwa. Zamani watu walifanya hivyo kwa ReWire, njia iliyobuniwa na kampuni ya Propellerhead ya Sweden, nayo iliachwa mwishoni mwa 2020. Kwa kompyuta yenye RAM ya GB 8, juani, hema limejaa vumbi, sishauri mtu aende huko hata kama njia ipo. Reaper ni ya nyumbani, Live ni ya jukwaani. Kinachopita kati yake ni faili tu.

Kazi ya nyumbani ndiyo ndefu. Kwanza naomba vipande kwa prodyuza: besi peke yake, ngoma peke yake, kila kitu peke yake. Naviingiza Reaper, kila kimoja kwenye mstari wake, vyote vikianzia sifuri. Kisha nautafuta mwendo wa wimbo. Prodyuza akiwa ameuandika ni vyema. Kama hakuandika, nausikiliza dhidi ya kliki, yale mapigo ya mashine yanayohesabu mwendo, mpaka mapigo yakae sawa toka mwanzo hadi mwisho. Hapa ngoma zetu zina mtego wake, maana nyimbo nyingi za Kilugbara zinatembea kwa mapigo sita, na programu zote mbili hufunguka zikidhani kila wimbo ulimwenguni una mapigo manne. Usipobadilisha, kila utakachokikata kitakuwa kimekatwa pabaya.

Halafu nakuza mchoro wa sauti mpaka namwona mpiga besi anapogusa kamba. Naweka mshale kabla kidogo ya mguso huo, nabonyeza S, kipande kinaachana. Kisu kikipita katikati ya wimbi lililo juu, spika zitatoa mlio mdogo wa kukwaruza kila sebene inapojirudia, na mlio huo kwenye spika kubwa unasikika hadi barabarani. Kwa hiyo kila ninapokata naacha milisekunde chache ambamo sauti ya zamani inafifia na mpya inapanda. Mwisho wa sebene na mwanzo wake lazima vikutane bila mtu kujua. Naisikiliza ikizunguka huku nikipika, huku nikifua. Nikisahau kwamba inazunguka, ndipo najua imekubali.

Faili zinatoka kama WAV, sampuli 48,000 kwa sekunde, na Live nayo imewekwa hapohapo ili isibadilishe chochote wakati wa kucheza. Mp3 siigusi kwa kazi hii. Kila mp3 huongezewa ukimya kidogo mbele wakati wa kuifinya, kiasi cha milisekunde 25 au zaidi. Kwa msikilizaji wa simu hilo si kitu. Kwa sebene inayojirudia, kila mzunguko mpiga ngoma anajikuta amewahi, na hajui kosa ni la nani.

Live ninayotumia ni ile ndogo, Live Lite, inayokuja bure na kadi nyingi za sauti na vinanda vya MIDI. Ina treki 8 tu. Watu wanaidharau kwa hilo. Mimi naona treki 8 zinatosha, na zinamlazimisha mtu kufikiri. Ngoma za nyongeza, besi, gita la ridhimu, gita la solo, kinanda, waitikiaji, kliki. Hizo ni saba. Ya nane prodyuza hupenda kuijaza makofi na vigelegele. Mimi naiacha tupu, kwa sababu uwanjani akina mama wapo.

Kutoka kwenye kompyuta kliki inaenda upande wa kushoto, kwenye sikio la mpiga ngoma, na muziki wote unaenda upande wa kulia, kwenye miksa. Kwa njia hiyo hata tundu la hedifoni linatosha siku ambayo kadi ya sauti imegoma.

Sasa nifike kwenye adungu, kwa kuwa ndiyo iliyonifundisha kwamba biti ya studio haifai kuletwa kwetu kama ilivyo.

Kinanda cha prodyuza kinahesabu noti ya la kuwa hertz 440, na noti nyingine zote zinafuata hapo. Adungu haina namba hiyo. Mjomba anaikaza asubuhi kwa sikio lake, kwa kufuata sauti ya waimbaji, na jua likipanda ngozi inabadilika na kamba zinabadilika nayo. Siku moja tulikuwa Arua, nyuma ya kanisa, waimbaji wanavaa, nikaweka simu yenye programu ya kupimia noti karibu na adungu. Ilikuwa chini ya kinanda kwa senti 30 hivi, yaani karibu theluthi ya nusu toni. La ya mjomba ilikuwa kama hertz 432.

"Mjomba," nikamwambia, "kamba zako ziko chini ya kinanda."

Hakuinua kichwa. Alikuwa anaigusa kamba nene kwa kidole gumba na kuisikiliza. "Kinanda kiko ndani ya mashine yako, mwanangu. Kishushe."

Alikuwa na haki. Kuzikaza kamba zote kufikia 440 kungeweza kuzikata mbili tatu na kumchukua muda ambao bwana harusi hakuwa nao, na waimbaji wangejikuta juu kuliko walivyozoea kuimba na adungu ile. Nilifungua Reaper palepale, nikachagua vipande vyote isipokuwa ngoma, nikaandika kutoa 0.3 kwenye sehemu ya kupandisha na kushusha sauti, nikatoa faili upya. Live nayo inaweza kushusha. Lakini ukiifanya ndani ya Live, mashine inaifanya hesabu hiyo muda wote muziki unapocheza, treki zote kwa pamoja, na kompyuta yetu inaanza kukohoa. Ikifanywa Reaper, hesabu imekwisha kabla hatujapanda. Tangu siku hiyo naandaa nakala kadhaa za kila wimbo kabla ya kutoka Adumi, ya kinanda na za chini yake, na naamua ipi itumike baada ya mjomba kumaliza kukaza.

Siku ile waimbaji waliingia na adungu, besi ikawa chini yao, na nilimwona mmoja wao akigeuka kumtazama mjomba. Sauti mbili zinapokubaliana hivyo, mwimbaji anaisikia kooni kabla ya sikioni.

Jambo jingine ni umeme. Harusi moja Koboko, jenereta ilizimika katikati ya ubeti wa pili. Kompyuta ina betri, kwa hiyo kwenye kioo kila kitu kiliendelea, visanduku vinawaka kijani, na uwanjani hakuna besi, hakuna kinanda, hakuna maiki. Kwa mwenye flashi hadithi inaishia hapo. Sisi tuliendelea. Mjomba alisogea mbele na adungu yake, ngoma ikashuka ili adungu isikike, waimbaji wakapanda sauti, na watu wa nyuma wakaacha viti vyao wakaja karibu. Nilisimamisha Live. Wimbo ulitembea wenyewe, ukapungua mwendo, kwa sababu mapigo sasa yaliwafuata wachezaji na wachezaji walikuwa wazee. Walirudia kiitikio mara nyingi. Walikuwa wamekwisha kuingia kwenye sebene, adungu ikishika kazi ya gita, jenereta iliporudi.

Hapo ndipo programu ya jukwaani inaponyesha thamani yake. Nilimtazama mpiga ngoma, nikagonga kitufe cha mwendo kwa kidole pamoja na mguu wake, mapigo ya mzunguko mmoja, Live ikaushika mwendo wao mpya, na kisanduku cha sebene kikaingia mwanzoni mwa mzunguko uliofuata. Besi iliingia kutoka chini, na kundi lote lilipiga kelele. Biti ilikuwa imewafuata walipokuwa. Hakuna aliyelazimika kuanza upya.

Koboko panafundisha jambo jingine pia. Ni mji wa Wakakwa, ulio karibu na kona ambapo Uganda, Kongo na Sudan Kusini zinakutana, na kwenye harusi moja utasikia Kikakwa, Kilugbara, lugha ya Wanubi, Kiswahili na Kilingala. Kiswahili kilikuja huku kwa njia ya jeshi la mkoloni na biashara, nacho ndicho tunachoelewana nacho meza ya wageni ikichanganyika. Bibi harusi akiwa Mkakwa na bwana harusi Mlugbara, kiitikio lazima kiimbwe kwa lugha zote mbili, na mara nyingi tunaambiwa hivyo tukiwa tumeshashika maiki. Biti yenye sauti za waimbaji ndani imekwisha kuchagua lugha. Waitikiaji wakiwa kwenye treki yao nawazima kwa kubonyeza mara moja, na waimbaji wetu wanaitikia kwa lugha ya wenye harusi. Kama nisingekuwa na sababu nyingine ya kudai vipande, hiyo ingenitosha.

Sidai kompyuta iwe kila mahali. Agwara, zile tarumbeta za mbao za West Nile, zinapopigwa, kila mpigaji ana sauti yake na wimbo unakamilika kwa kupokezana. Mmoja akichelewa, wenzake wanamvuta. Hapo nazima kila kitu na kufunga kompyuta. Mtu anayeweka kliki chini ya agwara anawanyang'anya wale watu kitu wanachokifanya vizuri kuliko mashine yoyote.

Gharama nazo zisemwe. Reaper inaruhusu majaribio ya siku 60, na leseni yake ya bei nafuu ni dola 60 za Marekani. Ni fedha nyingi Adumi. Ni pungufu ya gharama ya spika moja ya maana, na tunazinunua spika. Live Lite inakuja na kadi ya sauti ambayo ungeinunua hata hivyo. Vijana wengi wanatumia programu za wizi walizonakili sokoni, na nawaambia waziwazi kwamba siafiki. Anayekasirika wimbo wake ukiuzwa kwenye flashi sokoni hana neno la kumwambia muuzaji ikiwa programu aliyoutengenezea aliipata kwa njia ileile. Tena programu hizo huja na virusi, na virusi huchagua Jumamosi ya harusi.

Elimu ya kazi hii haina mahali pa kuipata. Makazi ya wakimbizi ya Bidi Bidi, wilayani Yumbe, yalijengewa ukumbi wa muziki na sanaa wenye studio ya kurekodia, na ni jambo la kushukuru. Lakini karibu kila mafunzo ya muziki ninayoyaona huku yanaishia kwenye kurekodi. Kijana anatoka anajua kutengeneza wimbo wa redio, na hajui jinsi ya kuufungua tena ili uchezwe mbele ya watu. Kwa eneo ambalo wanamuziki wake wanakula kutokana na harusi na ibada zaidi kuliko mauzo ya nyimbo, mafunzo hayo yameacha nusu ya kazi.

Waliobaki ni maprodyuza wa Arua, na kwao nina ombi ambalo naomba waimbaji wote wa West Nile waliseme pamoja nami. Mtu anakulipa umrekodie wimbo, unampa mp3 moja, na vipande vinabaki kwenye kompyuta yako. Akivirudia mwaka unaofuata, kompyuta imeuzwa au diski imeharibika. Wengine wanakataa kabisa, wakisema kazi ni yao. Sheria ya Uganda ya hakimiliki ya mwaka 2006 inamlinda mtayarishaji wa rekodi, ni kweli, na inamlinda pia mtunzi na mwimbaji. Ndiyo maana mapatano yafanywe kabla ya maiki kuwashwa, kwa maandishi, hata kwenye ukurasa wa daftari: mwimbaji atapewa WAV ya kila chombo peke yake, zote zikianzia sifuri, sampuli 48,000, mwendo wa wimbo na mapigo yake vimeandikwa, waitikiaji wametenganishwa, na malipo ya mwisho yatatolewa vipande vikishafunguka kwenye kompyuta ya mwimbaji. Prodyuza asiyetaka vipande vyake viuzwe tena aandike hivyo humohumo, na mwimbaji atie saini.

Na prodyuza akikwambia kwamba wimbo wako hauna vipande, mwombe aufungue mbele yako. Vimo, kila kimoja kwenye mstari wake, na kuvitoa hakuchukui hata muda wa kunywa chai.